Nyumba Isiyojengwa

Jumanne, 4 Machi

Leo yameletwa magari mawili hapa uani kwetu Mbotela na sijui niyaiteje. Ni magari kwa sababu yana usukani na magurudumu. Ni nyumba kwa sababu nimefungua mlango nikakuta kitanda, meza, sinki, jiko la gesi, kabati za nguo na choo. Choo ndani ya gari! Nilisimama kwenye ngazi na ndoo yangu ya maji nikaona haya kuingia na gambuti. Nikazivua.

Mulama, fundi wetu, alicheka mpaka akashika ukuta. "Shiundu, umevua viatu kwa gereji?"

"Nimevua viatu kwa nyumba ya watu," nikamwambia.

Bosi wetu Qorane anasema Wazungu huzunguka Afrika na nyumba hizi. Wakifika Nairobi wamechoka, huziuza na kupanda ndege. Moja ni jeupe, refu, lina mistari ya buluu ubavuni na madirisha meusi, na ndani linang'aa kama duka la simu. Mulama amelibatiza Bibi Harusi. La pili ni la zamani, rangi ya vumbi, mgongo wa mviringo kama bakuli lililofunikwa. Huyo ni Kobe.

Kazi yangu ni kuwaosha ndani na nje. Nimeosha malori, nimeosha mabasi, hata gari la maiti nimeosha, lakini leo kazi haikwenda kwa sababu nilikuwa naangalia. Kila droo ina kibanio chake ili isifunguke gari likipinda. Kila kikombe kina shimo lake la kukaa. Meza inashuka inakuwa kitanda. Chini ya kiti kuna tangi la maji. Mtu aliyetengeneza vitu hivi alikaa chini akafikiria kijiko kitakuwa wapi gari likipanda mlima. Chumba changu cha Mukuru kwa Njenga hakuna aliyefikiria hata mlango ufungukie upande gani. Unafungukia kitandani.

Jumatano, 5 Machi

Kuosha. Mgongo unauma.

Jumanne, 11 Machi

Wanunuzi wamekuja, mume na mke kutoka Shauri Moyo. Mzee Phares ni mrefu, amevaa kofia ya sufi kwenye jua, na anapumua kwa mdomo kama mtu aliyetoka kupanda ghorofa. Alikuwa reli maisha yake yote, akitengeneza mabehewa. Mkewe Roseline ni mshonaji, anashona sare za shule na kanzu za kwaya. Mama huyu hakusalimia magari. Aliingia moja kwa moja, akatia kichwa ndani ya kabati ya nguo na kunusa. Nikajiambia, huyu ni mwanamke mgumu.

Qorane aliwakaribisha kwa viti vya plastiki. "Mzee wangu, mnataka safari? Mara? Turkana?"

"Nyumbani," mzee alisema. "Maragoli. Kwenda na kukaa."

Mulama ni mtu wa huko huko magharibi, akashangaa. "Mzee, si ujenge tu? Tofali na mabati si shida kuliko hii."

Mzee aliangalia viatu vyake. Mkewe akasema, "Mwambie, Baba Lorraine. Si aibu."

Basi akatueleza. Ana kaka yake mkubwa anaitwa Sylvance. Sylvance alipokuwa kijana alianza nyumba yake pale bomani, na kabla hajaiezeka mke wake akafariki. Akaziacha kuta zianguke kwa mvua, akaapa hatainua nyingine. Mpaka leo analala kwenye jiko la marehemu mama yao. Na kwetu sote tunajua sheria: mdogo hajengi kabla ya mkubwa. Kujenga kabla yake ni kumwambia umemhesabu na wafu. Phares amengoja tangu ana nywele nyeusi.

"Sasa daktari ameniambia moyo wangu umekuwa mkubwa," alisema. "Nilidhani ananisifu. Kumbe ni ugonjwa." Alicheka peke yake. "Nikifa leo sina nyumba pale, watanilaza nje chini ya turubali, wapigilie kibanda cha haraka kama cha kuku, ndipo wanizike. Nizikwe kama mpita njia, kwetu?"

Mzee akanyoosha mkono akamgusa Bibi Harusi ubavuni kama mtu anayetuliza ng'ombe.

"Hii haijengwi," akasema. "Hii inafika tu."

Nimerudi Mukuru nikiwaza hilo neno. Sheria hiyo nimeijua tangu utotoni kwetu Butere. Nimeona watu wakizeeka mbele yake kama mbele ya mto uliofurika. Na mzee mmoja wa reli ameona kuna daraja.

Jumamosi, 15 Machi

Mvua imeanza. Chumba changu kinavuja mahali pale pale pa mwaka jana. Nimeweka sufuria.

Jumatatu, 17 Machi

Mvua. Sufuria mbili.

Jumamosi, 22 Machi

Mama Roseline na mzee walikuja asubuhi. Mama alijifunga leso kiunoni akaniambia, "Baba, nishikie ngazi." Nilidhani ananituma nipande. Kumbe anapanda mwenyewe! Mwanamke wa makamo yale, juu ya paa la Bibi Harusi, anatambaa kwa magoti.

Alikuwa anapitisha kidole gumba kwenye maungio, pole pole, pembe hadi pembe, macho ameyafunga. Mulama akapaza sauti kutoka chini, "Mama, unatafuta nini huko, network?"

"Natafuta mshono. Nguo haivuji katikati, kijana. Inavuja kwenye mshono."

Alinionyesha. Paa la Bibi Harusi ni vipande vipande, vimeunganishwa na kuta kwa ukanda wa alumini. Juu ya ukanda kuna silikoni nyeupe, mpya, safi. Mama akaikuna kwa ukucha. Chini yake kulikuwa na nyingine ya manjano, na chini ya hiyo kitu cheusi. "Hapa mtu ameshona juu ya mshono uliooza," alisema. "Mteja akija anaona uzi mpya."

Halafu akapanda Kobe. Kobe hana maungio juu. Mulama alielezea kwamba paa na kuta zake zilimiminwa pamoja kwenye kalibu moja, faiba nzito, kama beseni. Mama alizunguka yote na kidole chake hakikukwama popote isipokuwa kwenye madirisha. Akashuka, akakaa kwenye tairi, akasema, "Aliyetengeneza hii alikuwa anaogopa mvua." Alisema kwa heshima.

Lakini mzee alikuwa ndani ya Bibi Harusi akifungua na kufunga milango. Kila mlango unafunga kwa sauti ndogo, tup, kama mdomo wa mtu mwenye adabu. "Rose, njoo usikie! Hili ni behewa la daraja la kwanza."

"Na hizo droo umeziangalia chini?"

Aliziangalia. Nilikuwa karibu, nikamwona. Chini ya droo za Bibi Harusi ubao ni mwembamba kama wa kreti ya nyanya, umepigwa pini za karatasi. Za Kobe ni mbao na skrubu, nzito mpaka unavuta kwa mikono miwili. Mtu wa mabehewa hawezi kukosa kuona hayo. Aliona, akafunga droo, akageuza uso. Ndipo nikaelewa kwamba mzee hachagui gari. Anachagua jinsi atakavyoonekana akiingia kijijini baada ya kungoja maisha yote.

Mama alimwomba Qorane ayaache magari yote mawili kwenye mvua bila turubali mpaka karibu na Pasaka.

"Mama, unanunua gari au unapima sare?" Qorane akauliza.

"Yote huvaliwa, Qorane."

"Basi. Mvua ni ya Mungu, siwezi kuifunika."

Jumanne, 25 Machi

Mvua. Nilipakua mabati, nikaoga matope bure.

Ijumaa, 28 Machi

Maji yameingia chumbani kutoka mlangoni. Si ya paa, ni ya mtaro. Nimeinua kitanda kwa mawe. Mke wangu Marion alinipigia kutoka Butere kuniuliza kama mvua imefika Nairobi. Nikamwambia imefika na imekaa.

Jumatano, 2 Aprili

Nimeingia ndani ya Kobe kupangusa vioo. Mvua ilikuwa inapiga lakini ndani nilisikia kama mtu anachambua maharage mbali. Nilisimama tu. Nilipotoka Mulama akaniuliza nimeona nini. Nikamwambia, ingia usikilize.

Jumamosi, 5 Aprili

Leo nitaandika mengi kwa sababu limetokea jambo.

Mzee na mama walikuja saa sita. Mzee alitaka kujaribu jiko na kitanda cha Bibi Harusi, maana godoro lake ni nene. Mama alibeba unga, mayai na sukuma kwenye kikapu, akasema hajaribu jiko kwa maji matupu. Walipoingia tu, mvua ikashuka. Si mvua, ni ukuta. Uwanja ukawa mto, Jogoo Road haikuonekana, na mimi nikakimbilia ndani pamoja nao kwa sababu ndipo palikuwa karibu. Nikavua gambuti mlangoni.

"Ingia, baba, usisimame hapo kama askari," mama akasema.

Alizungusha kitufe cha jiko. Kikalia tik, tik, cheche hakuna. Akajaribu tena. Mimi nikatoa kiberiti mfukoni, nikainama, nikawasha. Moto wa buluu, mzuri, umejipanga kama maua. Mama akapika ugali na mayai na sukuma, kwenye gari, mvua ikitaka kutuvunja. Tulikula tukiwa tumekaa kwenye viti vya ngozi, sahani juu ya meza inayoshuka. Mzee alisimulia jinsi walivyokuwa wakipika ndani ya mabehewa yaliyokuja kutengenezwa, na msimamizi akinusa vitunguu anawatafuta behewa hadi behewa. Tulicheka. Baada ya kula alijinyoosha kitandani "kidogo tu," akalala. Mama aliosha vyombo kwa maji ya bomba ya gari. Kwa muda ule nilisahau kwamba mimi ni kibarua. Nadhani sijawahi kukaa mahali pazuri kama pale.

Mzee akaamka. Mvua ilikuwa imepungua. Alikaa kitandani akaangalia sufuria, akaangalia sahani zilizopangwa zikijichuja, akaangalia alama ya kichwa chake kwenye mto. Uso wake ukabadilika.

"Rose. Tumefanya nini?"

Mama aligeuka na kitambaa mkononi. Mimi nilikuwa bado sijaelewa.

"Tumepika," mzee akasema. "Tumekula. Nimelala. Rose, tumeingia nyumba."

Hapo nikaelewa. Kwao, kama kwetu, nyumba mpya huingiwa hivyo hivyo: moto wa kwanza, chakula cha kwanza, usingizi wa kwanza. Na nyumba uliyoiingia huiachi ukaenda kuingia nyingine kama mtu anayejaribu kofia sokoni. Walikuwa wamekuja kujaribu jiko, wakaishia wamehamia. Hapa Mbotela, kwenye uwanja wa Qorane, kati ya injini zilizokufa.

Mama alikaa. Kisha akainuka kama aliyekumbuka kitu, akainua godoro upande wa ukutani, akabonyeza ukuta kwa kidole. Kidole kiliingia. Kiliingia kama kwenye mkate uliolowekwa chai. Alipokitoa, maji ya kahawia yalitiririka nyuma yake, na harufu ikatoka, ile ya kitambaa kilichosahaulika kwenye ndoo. Alibonyeza pembeni. Pakaingia. Alifika mpaka dirishani, kila mahali laini. Ukuta wote ulikuwa umeoza nyuma ya ile karatasi nyeupe yenye maua.

Hatimaye mzee akasema polepole, "Basi hii ndiyo nyumba yetu."

Jumapili, 6 Aprili

Kanisani nilisinzia. Nilikuwa nafikiria ukuta.

Jumanne, 8 Aprili

Mzee Phares amekuja peke yake. Amekuja kumchukua Bibi Harusi. Qorane alimketisha.

"Mzee wangu, mimi nauza magari. Ukuta ule sikuwa nimeufungua, Wallahi, lakini sasa nimeuona na wewe umeuona. Unanunua uji?"

"Nimeiingia, Qorane. Hujui mambo haya."

"Nayajua ya kwetu. Ya kwenu nieleze."

Mzee akaeleza juu ya ndugu wa baba yake aliyeiacha nyumba aliyoiingia kwa sababu ya mchwa, akaingia nyingine ng'ambo ya kijito, na watoto wake hawakutulia tena mahali, mmoja Kampala, mmoja hajulikani. "Mimi nakwenda kulala huko daima. Siwezi kwenda nikifuatwa na nyumba nyuma yangu."

Mulama akajaribu utani. "Mzee, hii nyumba haiwezi kukufuata, gia ya tatu haiingii." Mzee hakucheka. Alianza kukohoa, akakaa juu ya tairi na kikohozi kikachukua muda mrefu kumwachia. Nilimletea maji. Mkono ulioshika kikombe ulikuwa umevimba.

Nilikuwa nikimwona kama mzee anayependa kung'ara. Leo nimeona ni mtu mwenye hofu, na hofu yake nimeijua, kwa sababu hata mimi nimeikuta kwa baba yangu.

Qorane hakumuuzia. Alimwambia arudi Jumamosi na mke wake. "Na kwetu," akasema, "jambo la mila halimalizwi na watu wenye haraka. Hamna mkubwa wa kumpigia simu?"

Sikutegemea. Nilikuwa nangoja Qorane achukue saini na kumaliza. Nimefanya kazi kwake siku nyingi bila kumjua.

Jumamosi, 12 Aprili

Wamekuja wote wawili, hawasemeshani. Mama ametangulia hatua kadhaa, kikapu mkononi, mzee nyuma. Mama aliniambia pembeni, "Ameniambia nimemtia ndani ya kaburi laini. Mimi! Niliyepanda paa!" Macho yake yalikuwa mekundu. Ule ugumu niliouona siku ya kwanza haukuwa ugumu. Alikuwa anapigana na mvua badala ya mume wake.

Wakampigia simu Khavere, shangazi wa mzee Phares, senge kama tunavyosema. Ndiye mkubwa aliyebaki katika ukoo. Mulama alishika simu katikati yetu, sauti ikiwa juu. Tulisikia kuku kwanza.

"Senge, ni mimi, Phares."

"Phares gani?"

"Wa kwako! Wa reli!"

"Ah. Hujafa?"

"Bado, senge."

"Vizuri. Ngoja nifukuze huyu kuku." Tukangoja. Qorane alikuwa ameinama, mikono magotini, anasikiliza kama yuko mahakamani.

Mzee alieleza yote: nyumba yenye magurudumu, mvua, chakula, usingizi, ukuta uliooza.

"Mlikula nini?" bibi akauliza.

"Ugali, senge. Na mayai."

"Alipika nani?"

"Mimi, mama," Roseline akajibu.

"Na moto aliwasha nani?"

Mama akageuka. Akaniangalia. Mzee akaniangalia. Wote wakaniangalia, na mimi nikajisikia kama nimeshikwa na mali ya wizi.

"Aliwasha kijana wa kazi," mzee akasema. "Jiko lilikataa cheche. Alikuwa na kiberiti."

"Kijana wa kwetu?"

"Hapana. Anaitwa Shiundu. Ni wa Butere."

"Basi mnanisumbua bure na kuku wanamaliza mahindi yangu!" bibi akapiga kelele. "Aliyewasha moto ndiye mwenye nyumba. Nyinyi mlikuwa wageni wake. Mgeni hula, mgeni hulala. Mlimshukuru kwa chakula?"

"Hatuku... hatukumshukuru, senge."

"Reli haikukufundisha adabu. Mshukuruni. Na hiyo nyingine mkiileta, Roseline awashe mwenyewe. Nimemaliza."

Simu ikakatika. Mzee Phares aliinuka, akavua kofia yake ya sufi. Sikuwahi kuona kichwa chake. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili iliyovimba. "Shiundu, asante kwa chakula."

"Karibu tena, mzee," nikasema.

Mama Roseline alicheka mpaka akalia, au alilia mpaka akacheka. Mulama alikuwa amejikunja kwenye boneti. Qorane ndiye aliyebaki na uso wa kazi. Alimwangalia Bibi Harusi, akaniangalia, akatikisa kichwa.

"Yaani gari langu limekuwa nyumba ya kibarua wangu. Na mimi nilikuwa hapa hapa nimekaa."

Wamemchagua Kobe.

Jumatatu, 14 Aprili

Qorane ameniita. "Nimesikia Mukuru maji yamefika kitandani."

"Yamefika, bosi."

"Basi lala ndani ya nyumba yako, ulinde uwanja, mpaka nipate mtu wa kuzifungua kuta." Hakucheka. Nadhani alikuwa anatii yule bibi.

Nimelala upande usiooza. Kuna taa ndogo juu ya kichwa unayoiwasha ukiwa umelala. Nimeiwasha na kuizima kama mtoto.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Nimempigia Marion nikamwambia nina nyumba Nairobi, nusu nzuri na nusu imeoza. Akasema kama ni hivyo imefanana na mwenyewe.

Jumapili, 27 Aprili

Naandika nikiwa Maragoli, juu ya jiwe.

Tulitoka juzi alfajiri. Mulama aliendesha, mimi nilikuja kwa ajili ya kusukuma. Mzee alikataa kulala nyuma. Alikaa mbele akisikiliza Kobe kama daktari: "Hiyo ni bolti ya kushoto. Hiyo ni springi, si mbaya." Tangu Chavakali barabara ilikuwa matope, na mlima wa mwisho tulisukuma, mimi na watu ambao hata hawakuuliza tunasukuma nini. Kobe hakulia. Hakuna droo iliyofunguka. Hakuna kikombe kilichoanguka. Nilimwambia Mulama na akasema kwa upole, "Nimeona," na Mulama si mtu wa kusema kwa upole.

Boma lao liko kati ya yale mawe makubwa ya Maragoli, makubwa kuliko nyumba. Tulipomwegesha Kobe katikati yao, na rangi yake ile ya vumbi na mgongo ule wa mviringo, nilirudi nyuma kumwangalia nikashindwa kuona lipi ni jiwe na lipi ni gari. Mwanamke mmoja alipita na kuni kichwani akauliza jiwe hili limebingirika lini. Nilijisikia kama niko kanisani.

Wazee wakaja kuangalia. Mmoja akachungulia chini. "Ina msingi?"

"Ina tairi," Mulama akajibu.

"Basi haijajengwa."

"Sasa ikiwa haijajengwa, ni nyumba hii?" mwingine akauliza.

Khavere alikuwa amefika, mdogo kama mtoto, mkavu, na fimbo. Aliupiga ukuta wa Kobe mara tatu, akasikiliza. "Kwa Sylvance kukasirika, ni gari," akasema. "Kwa Phares kulala, ni nyumba. Roseline, washa moto. Na wewe wa Butere, kaa mbali na kiberiti."

Mama akawasha. Akapika. Wakala ndani, wao wawili tu, tukiwasubiri nje kwenye manyunyu. Hata wale wazee walivua kofia.

Sylvance alikuja jana mchana, mvua ilipoanza kweli. Alitokea kwenye lile jiko la mama yao, gunia kichwani, miguu mitupu. Ni mrefu kama mdogo wake lakini amepinda. Akasimama mlangoni kwa Kobe, akapangusa nyayo zake kwenye nyasi, mguu mmoja kisha wa pili. Mzee Phares alikuwa kitandani, mito miwili mgongoni. Akataka kuinuka.

"Kaa," Sylvance akasema. Akaingia. Akanyoosha mkono akagusa dari, akautembeza kote, pembe hadi pembe, kama mama alivyofanya juu. "Inavuja wapi?"

"Haivuji, kaka."

"Kila nyumba inavuja."

"Kaa ungoje."

Akakaa. Sote tukangoja. Mvua ya Maragoli haiombi ruhusa, ilipiga mpaka sauti zetu hazikusikika, na yule mzee alikaa akiangalia juu, akingoja tone moja. Maji yalimwagika kwenye vioo kama mtu anamwaga karai. Ndani pakabaki pakavu. Mpaka mvua ikaisha hakutoa macho kwenye dari, na mimi niliyemwosha Kobe kwa mikono yangu, nikijua kila pembe yake, nilimwangalia upya pamoja naye nikaona ni muujiza.

"Umejenga?" Sylvance akauliza mwishowe.

"Sijajenga, kaka. Nimeegesha."

Sylvance akacheka. Ilitoka kama mlango ambao haujafunguliwa zamani. Khavere, aliyekuwa kwenye ngazi, aliacha kutafuna.

"Miaka yote hii," Sylvance akasema, "uliogopa kunipita?"

"Sikuogopa. Nilikuwa nakungoja."

Sylvance akagusa tena dari, akatoka. Tulimwona amesimama kwenye nyasi ndefu pale ambapo kuta zake zilianguka, gunia begani, mpaka baridi ikamrudisha jikoni.

Jumatatu, 28 Aprili

Nilikuwa nimefunga mfuko wangu niende Butere kumwona Marion kabla ya kurudi kazini. Sylvance amekuja asubuhi na jembe na mtaimbo. Hakunisalimia. Alinipa mtaimbo.

"Wewe ni mtu wa kuchimba?"

"Ndiyo, mzee."

Tumechimba shimo la nguzo ya kati ya nyumba yake, pale kwenye nyasi zilipoanguka kuta. Udongo ni mwekundu na chini kuna mawe, kazi ni ngumu. Mama Roseline amemfungulia mzee Phares mlango wa Kobe ili aone, akamfunika blanketi. Analala kidogo, anaamka kidogo. Kila mtaimbo ukigonga jiwe anafungua macho.

"Endeleeni," anasema.